Koki, mpira au pampu: uanze na nini ili mashua ya tanga isijae maji

Mashua za tanga hujaa maji hata bila kugonga mwamba wala kupigwa na dhoruba. Mara nyingi chombo kimefungwa gatini au kimetia nanga, hakuna mtu ndani, mpira mmoja unachomoka kwenye koki, au maji yanarudi ndani kupitia bomba lile lile lililowekwa ili kuyatoa. Baada ya hapo pampu inaachiwa kazi isiyoiweza. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha pampu na pampu, linganisha kwanza tundu na pampu.

Tundu na pampu

Kwa hesabu ya kawaida, tundu la milimita 19 lililo sentimita 30 chini ya maji huingiza takriban lita 25 kwa dakika. La milimita 25, kwenye kina hicho hicho, lita 43. La milimita 38, kipimo cha kawaida cha bomba la kutolea maji ya choo, huingiza karibu lita 100, na likiwa sentimita 60 chini ni lita 140. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, maji yanaongezeka mara nne. Kina kikiongezeka mara mbili, maji yanaongezeka kwa asilimia 40 hivi tu. Tundu pana lililo karibu na mstari wa maji ni la kuogopwa kuliko tundu jembamba la chini kabisa.

Sasa tazama pampu. Iliyoandikwa lita 7,500 kwa saa inaahidi lita 125 kwa dakika. Ahadi hiyo imepimwa kwa volti 13.6, chaja ikiwa inafanya kazi, bila kupandisha maji na bila mpira wowote. Ikipandisha maji mita moja na nusu kupitia mpira wa mita 4 au 5, kwa betri ya volti 12.2, itatoa lita 60 hadi 75. Mpira wa milimita 38 ukichomoka, pampu hiyo, ambayo kwa mashua ya mita 10 inahesabiwa kuwa kubwa, imeshashindwa. Ile ndogo ya lita 1,900 kwa saa inayofungwa kwenye mashua nyingi hutoa kama lita 18 kwa dakika. Haimudu hata tundu la milimita 19: kila saa ndani ya chombo kutabaki zaidi ya lita 400.

Ndiyo maana fedha ya kwanza iende kwenye matundu, na ya pili kwenye pampu.

Koki: bronzi, brasi, nailoni

Kila tundu lililo chini ya mstari wa maji linahitaji koki inayofungwa kwa mkono mara moja. Madukani utakutana na aina kama nne, na kwa macho zinafanana kuliko inavyopaswa.

Bronzi halisi ndiyo ya kuchagua kwa mashua ya faiba au ya mbao. Haina zinki nyingi, kwa hiyo maji ya chumvi hayaioshi ikabaki ganda. Brasi ya kawaida, ile ya mabomba ya nyumbani, ina zinki nyingi. Bahari huiyeyusha zinki taratibu ikaacha shaba laini yenye vinyweleo. Kwa nje koki inaonekana nzima hadi siku utakapoishika ikukatikie mkononi. Ikwangue kwa kisu: brasi nzima ni ya njano inayong'aa, iliyooza ni ya waridi. Katikati yao kuna brasi iliyotengenezwa isipoteze zinki, ambayo mara nyingi hupigwa mhuri wa herufi DZR au CR. Hiyo inafaa, mradi uikague kila chombo kinapopandishwa nchi kavu.

Usidhani mashua mpya imesalimika. Kwa miaka mingi kiwango cha kimataifa cha koki za vyombo vidogo, ISO 9093-1, kiliridhika na kifaa cha chuma kinachodumu miaka 5 bila kasoro, na wajenzi wengi walifunga brasi ya kawaida kwa ruhusa hiyo. Kuna mtego mwingine: koki ni ya bronzi, lakini kile kishingo kinachovikwa mpira ni cha brasi. Kagua vipande vyote vitatu, yaani kichwa cha nje, koki yenyewe na kishingo.

Nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo haioti kutu wala haijali umeme unaotembea majini. Kwa mashua ya chuma au ya aluminiamu ndiyo chaguo langu, kwa sababu bronzi ikigusana na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi huila aluminiamu. Udhaifu wake ni mpini. Koki isipochezwa miezi kadhaa hugoma, mtu akaivuta kwa nguvu, mpini ukakatika koki ikiwa wazi. Izungushe kila mwezi, ipake grisi anayoitaja mtengenezaji, na usiifunge mahali ambapo mtu ataikanyaga au karibu na joto la injini.

Na koki ya geti, inayofungwa kwa kuzungusha gurudumu dogo, iache kabisa. Huwezi kujua kwa kuitazama kama imefunga. Kijiwe kimoja kikikaa kwenye njia ya geti, gurudumu litafika mwisho na maji yataendelea kupita. Koki ya tufe, yenye tufe lililotobolewa ndani yake, inajieleza: mpini ukifuata bomba iko wazi, ukikingama imefungwa.

Lililo muhimu kuliko metali ni namna koki inavyoshikwa. Kuna mafundi wanaokaza koki ya tufe ya kawaida juu ya kichwa kilichopenya ubavu wa chombo, basi. Tatizo liko kwenye hesi, ile mizunguko ya parafujo. Hesi za kile kichwa ni sambamba, za koki ya dukani mara nyingi ni za mshazari. Zikikutana hushikana kwa mizunguko miwili au mitatu tu, na uzito wote wa koki na mpira unaning'inia hapo. Koki yenye kitako hukaa juu ya kibao kilichofungwa kwa bolti tatu, hivyo mtu akiikanyaga au sanduku likiigonga, nguvu inakwenda kwenye ubavu wa chombo badala ya kwenye hesi. Kiwango cha H-27 cha ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, kinataka koki ivumilie mzigo wa kilo 227 kwa sekunde 30 kwenye ncha yake ya ndani. Koki ya kitako ikifungwa vizuri inafika hapo. Ile ya hesi mbili tatu, sitathubutu kuipima.

Mpira na klempu

Hapa sina mengi. Chini ya mstari wa maji tumia mpira mnene wa baharini wenye uzi au waya ndani, kamwe si ule wa plastiki wenye mikunjo unaouzwa kwa ajili ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo yanapokusanyika maji. Ule wa mikunjo hupasuka kwenye mkunjo, na hata ukiwa mzima unapunguza maji ya pampu kwa msuguano.

Klempu (pete ya kukazia mpira) mbili kwa kila ncha ni bora kuliko moja, ila tu kama kishingo ni kirefu cha kuzibeba zote. Kikiwa kifupi, klempu ya pili hukaza mpira usio na kitu ndani, ikaukata. Katika hali hiyo moja pana, iliyokaa sawasawa, inashinda mbili. Nunua zenye ukanda usiotobolewa na zenye kingo zilizokunjwa. Sumaku ikinata kwa nguvu kwenye parafujo ya klempu, hiyo parafujo si ya stenlesi ya daraja la 316, nayo ndiyo itakayooza wakati ukanda bado unang'aa. Mpira ukigoma kuingia, uchovye ncha yake kwenye maji ya moto. Usiupake mafuta, utateleza siku za mbele.

Funga kizibo cha mti mwororo kwa kamba kwenye kila koki, cha kipimo cha tundu lake. Kanuni za usalama za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa mashua za tanga, kwa mashindano ya baharini zinakidai, na hata asiyeshindana ana sababu ile ile: gizani, maji yakiwa magotini, hakuna atakayetafuta kizibo sandukuni.

Maji yanayorudi yenyewe: vali ya njia moja, tao au kufunga koki

Mpira wowote ambao ncha zake zote mbili zinaweza kuwa chini ya maji unaweza kunyonya bahari na kuileta ndani bila pampu wala umeme. Choo ndicho kinachoongoza, kwa sababu ukingo wa bakuli mara nyingi uko chini ya mstari wa maji. Pampu ya ngama inafuata: toleo lake la ubavuni, yaani tundu la kutolea maji, liko juu ya maji gatini, lakini mashua ikipiga bisho (ikienda kinyume na upepo) na kulala upande, linazama. Pampu ikishakimbia sekunde chache mpira unajaa, inapozimika maji yanageuka, na bahari inaingia kupitia pampu yenyewe.

Vali ya njia moja ndiyo wengi wanayoikimbilia kwa kuwa ni rahisi kufunga. Kwa kazi hii ni chaguo baya. Nywele moja au kipande cha ganda la rangi hutosha kuiacha wazi. Tena kwenye pampu za impela, gurudumu dogo la mapezi linalosukuma maji, huleta hitilafu nyingine: maji yanabaki juu ya vali, hewa inanaswa ndani ya pampu, impela inazunguka ndani ya hewa, na nguvu haitoshi kuinua vali. Pampu inanguruma kabisa, na hakuna tone linalotoka.

Tao lenye kipumulio hufanya kazi bila kutegemea kifuniko kinachofunga. Mpira unapandishwa hadi juu ya mstari wa maji hata chombo kikiwa kimelala, walau sentimita 20 zaidi, karibu na mstari wa katikati ya chombo ili kulala kusilishushe. Kileleni kuna kipumulio kidogo kinachoingiza hewa na kuvunja mnyonyo. Kosa la kawaida ni mahali pa tao la maji yanayoingia chooni: liwe kati ya pampu ya choo na bakuli. Ukiliweka kati ya koki na pampu, pampu itavuta hewa na choo hakitapata maji. Kipumulio nacho huziba kwa chumvi; kifungue kila msimu ukioshe kwa maji matamu ya vuguvugu.

Kufunga koki kila baada ya kutumia choo ni bure na hakuharibiki, ila kunategemea watu wote walio chomboni, wageni wakiwemo. Nichaguayo mimi ni tao pamoja na koki kufungwa kila mnapoondoka. Anayejenga upya anaweza kufikiria choo cha kumwagia maji matamu kutoka tangini: tundu la kuingiza maji linaondoka kabisa, na tundu lisilokuwepo halivuji.

Kwa toleo la pampu ya ngama, lisogeze nyuma kwenye shetri, juu kadiri inavyowezekana na karibu na katikati. Likibaki ubavuni, tao ni lazima.

Glandi ya shafti

Glandi ndiyo inayozuia maji pale shafti ya propela inapotoka nje ya chombo. Ya zamani ya pakini, yaani kamba iliyokazwa kuizunguka shafti, inadondosha kwa makusudi: matone machache kwa dakika injini ikikimbia, na ikisimama lisidondoke kitu au kidogo sana. Ikianza kuvuja inatoa onyo kwa wiki kadhaa, na inakazwa kwa spana mbili chombo kikiwa majini. Mpira mfupi unaoishikilia kwenye bomba la shafti ndio unaosahaulika, na ndio unaoweza kuzamisha chombo.

Glandi ya nyuso mbili, yenye kiriba cha mpira kinachosukuma pete ya kaboni dhidi ya pete ya stenlesi, inaweka ngama kavu kabisa. Lakini kiriba kikipasuka, au pete ya stenlesi ikiteleza kwenye shafti, maji yanaingia kwa mkupuo. Ukiichagua, badilisha kiriba kwa tarehe anayoitaja mtengenezaji, sio kwa sura yake, na funga kola ya ziada kwenye shafti mbele ya pete ili isiteleze. Kwa anayekaa mbali na chombo chake miezi mitatu, pakini ina heshima zaidi machoni pangu: ikiharibika, huharibika polepole.

Pampu

| Aina | Inachotoa kweli | Kinachoiangusha | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Impela ya kuzamishwa | Nusu hivi ya namba ya kwenye boksi | Taka kwenye chujio, volti ndogo, mpira mrefu, hewa iliyonaswa | Kishimo cha ngama |
| Kiwambo (utando unaovuta na kusukuma maji) ya umeme | Kidogo, lakini hakishuki sana ikipandisha maji juu | Uchafu kwenye vali zake, chujio kilichoziba | Juu, pakavu |
| Kiwambo ya mkono | Kubwa ikiwa na mwenye nguvu | Uchovu, kiwambo kilichokauka | Karibu na usukani |
| Pampu ya maji ya injini | Mara nyingi chini ya lita 40 kwa dakika kwa dizeli ndogo | Taka, ngama kukauka | Dharura tu |

Ya impela ina bei nafuu na hutoa maji mengi kwa umeme mdogo, lakini kila sentimita ya kupandisha inaigharimu. Volti zikishuka, mwendo wa impela unashuka, na uwezo wa kusukuma maji juu unashuka kwa mraba wa mwendo huo. Waya mwembamba peke yake unaweza kuifanya pampu nzima isifikishe maji kwenye toleo.

Ya kiwambo hujivutia maji yenyewe na huvumilia kukimbia kavu, kwa hiyo inakaa juu ambako waya zake hazioshwi na ngama. Inakausha hadi maji ya mwisho. Kwa ngama ya kina kifupi, ambako impela huacha sentimita kadhaa zisizovutika, ni bora kwa kazi ya kila siku. Kwa mafuriko haitoshi.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa mashua inayobaki peke yake ni pampu mbili za umeme. Ndogo chini kabisa kwa maji ya kawaida. Kubwa juu yake sentimita 10 hadi 15, yenye swichi yake, fyuzi yake, mpira wake na toleo lake. Kubwa hukaa kavu karibu maisha yake yote, haili taka, na siku ya kuhitajika iko tayari. Pampu mbili zilizounganishwa kwenye mpira mmoja wa kutolea ni sawa na moja: moja husukuma maji ndani ya mwenzake.

Kwa safari za mbali, ongeza za mkono mbili: moja inayopigwa kutoka penye usukani milango yote ikiwa imefungwa, nyingine kutoka ndani ya kabini. Ndivyo World Sailing inavyodai kwa mashindano ya bahari kuu, pamoja na ndoo mbili imara za lita 9 au zaidi. Mtu mmoja hapigi pampu ya mkono kwa nguvu zote zaidi ya dakika chache, basi usihesabu namba ya kwenye boksi kama ya saa nzima.

Kuhusu kuchomoa mpira wa maji ya injini na kuutumbukiza kwenye ngama: kunasifiwa kupita kiasi. Maji ni kidogo, taka za ngama huziba kipoozi, na ngama ikikauka impela ya mpira inaungua haraka. Fanya hivyo ikiwa tu kuna mtu wa kushika chujio na kuangalia maji muda wote.

Swichi, waya na betri

Pampu nzima iliyounganishwa na swichi mbovu ni pampu mbovu. Swichi ya boya ni rahisi na unaweza kuijaribu kwa kuiinua kwa kidole, lakini kipande cha mti au waya wa pampu yenyewe unaweza kuikwamisha juu ikamaliza betri, au chini isiwashe kabisa. Ya elektroniki haina kitu kinachocheza, ila mafuta na grisi vikiipaka, inaweza kudanganyika. Ya hewa, yenye kikombe kidogo kilichofudikizwa chini na mrija unaopanda hadi swichi iliyo pakavu, haina umeme ndani ya maji; adui yake ni mrija uliotoboka. Kwa ngama safi nachukua elektroniki. Kwa ngama iliyo chini ya injini, ya hewa au ya boya iliyofunikwa.

Kama pampu inawaka na kuzimika mfululizo bila uvujaji, usilaumu swichi kwanza. Mpira wa milimita 25 wenye urefu wa mita 5 unabeba karibu lita 2.5. Pampu ikizimika, maji hayo yanarudi, na kwenye kishimo chembamba yanatosha kuinua boya tena. Tiba ni mpira mfupi au mwembamba zaidi kwa pampu ile ndogo, wala si vali ya njia moja.

Umeme wa swichi ya kujiwasha utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, bila kupita kwenye swichi kuu, ili kuzima umeme wa chombo kusizime pampu. Fyuzi iwe ya ukubwa anaoutaja mtengenezaji wa pampu. Ikiwa kubwa mno, impela ikikwama mota itaungua badala ya fyuzi kukatika. Viungo vya waya vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa kwa mrija wenye gundi unaonywea kwa joto, juu kabisa ya usawa wa maji. Kiungo cha tepu ndani ya ngama huoza ndani ya msimu.

Betri nayo ina hesabu yake. Tundu la lita 25 kwa dakika na pampu inayotoa 70: pampu itakimbia kama theluthi moja ya muda. Ikila ampea 9, wastani ni ampea 3 na ushei. Nusu ya betri ya ampea-saa 100 inaisha kwa saa 15 hivi. Kwa hiyo anayekuja chomboni Jumamosi hadi Jumamosi anahitaji king'ora kinachosikika nje, kilichofungwa juu kidogo ya swichi ya pampu kubwa, na kihesabio cha mara ngapi pampu imewaka. Kihesabio kikipanda kutoka mara 2 kwa siku hadi 9, kuna kitu kinavuja hata kama ngama ni kavu.

Maji ya gatini

Mpira wa maji matamu uliounganishwa moja kwa moja na bomba la gatini ni tundu lililo juu ya mstari wa maji. Pampu ya ndani hufanya kazi kwa shinikizo la bar 2 au 3 na ikimaliza tangi inaishia hapo. Bomba la gatini linaweza kuwa na shinikizo zaidi na haliishiwi. Kiungo cha plastiki nyuma ya sinki kikipasuka usiku, chombo kinajazwa maji matamu hadi kinakaa chini. Kipunguza shinikizo husaidia viungo, hakizuii mafuriko. Jaza tangi, kisha chomoa mpira.

Jaribio

Zima chaja. Mimina maji kwenye ngama hadi pampu kubwa iwake yenyewe, kisha endelea kwa ndoo zilizopimwa, lita 40 kwa jumla, na upime kwa saa muda ambao pampu inachukua kurudisha usawa ule ule. Lita 40 kwa sekunde 40 ni lita 60 kwa dakika. Wakati huo huo pima volti kwenye waya za pampu yenyewe, kisha kwenye betri. Tofauti ikizidi asilimia 3, waya au viungo vinakula maji yako. Linganisha lita ulizopata na kipimo cha mpira mpana kuliko yote ulio chini ya mstari wa maji, na uandike tarehe kando ya kila koki uliyoizungusha siku hiyo.